Wastani Usikudanganye: Namna ya Kusoma Vipimo Vilivyohifadhiwa Kwenye Multimita

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 30 hivi. Ukiinunua Uvira kando ya ziwa na kuipandisha Rurambo, kwenye nyanda za kati juu ya mji, kilo hizo zitapimwa upya na kila mlima unaopita. Ukifika juu ukagundua kwamba betri ni mbovu, umeilipia mara tatu: dukani, mgongoni ikipanda na mgongoni ikishuka. Na muuzaji atakuambia iliharibikia njiani.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia dukani. Mafundi wengi ninaowafahamu hugusa vichwa vya betri mara moja, wakaona kumi na mbili na kitu, wakasema "iko bien", wakalipa. Mita inayoning'inia shingoni mwao ina uwezo mkubwa kuliko huo: inahifadhi vipimo, inavipigia hesabu na kulia pale kipimo kinapotoka nje ya mipaka uliyoiweka. Wengi hawajawahi kubonyeza vitufe hivyo, na wanaovibonyeza mara nyingi husoma namba isiyofaa. Wanasoma wastani.

Kwanza tuione mita yenyewe. Multimita za mkononi zenye kitufe cha MIN MAX hutunza kipimo cha chini kabisa, cha juu kabisa na wastani. Nyingine, kama Fluke 289, huandika vipimo vyenyewe pamoja na saa ya kila kimoja. Za mezani zina nafasi na hesabu zaidi. 34401A, ambayo utaikuta na jina la Hewlett-Packard, Agilent au Keysight kutegemea mwaka ilipotengenezwa, hutunza vipimo 512. Keithley 2000 hutunza 1024, na ukivirejesha hukuonyesha hata kipimo cha ngapi ndicho kilichokuwa cha chini na cha ngapi kilichokuwa cha juu. Hizi za mezani zinataka umeme wa volti 220, kwa hiyo huko juu utazitumia kwa inveta au hutazitumia kabisa. Kama mita yako haina kumbukumbu yoyote, usiache kusoma: daftari, kalamu na kikokotoo cha simu vinafanya kazi ile ile, ila kwa mikono.

Kabla ya kuhifadhi chochote, funga masafa ya kipimo. Ukiiacha mita ijichagulie, itapoteza muda ikihama kutoka ngazi moja hadi nyingine, na vipimo vya ngazi mbili havina usahihi mmoja. Tumia vibanio, usishike ncha kwa vidole. Mkono ukichoka ncha inateleza, na mita inaandika 0.003 kwa uaminifu wote. Baadaye utaona kipimo cha chini ni karibu na sifuri na utaanza kutafuta kosa kwenye betri, kumbe kosa lilikuwa bega lako. Kipimo cha chini kikikaribia sifuri, au cha juu kikiandikwa OVLD au OL, kagua waya kwanza. Kipimo kimoja cha namna hiyo kinatosha kuharibu wastani wa usiku mzima.

Kama mita ni ya mezani, iache iwake saa moja kabla ya kuiamini. Watengenezaji huhesabu usahihi wake ikiwa imepata joto la kazi, na kwa 34401A wanazungumzia chumba chenye nyuzi 18 hadi 28. Uvira mchana unaweza kuzidi hapo. Rurambo alfajiri utakuwa chini yake. Hilo halikukatazi kupima, ila usije ukabishana na mtu juu ya tarakimu ya tano.

Betri kumi dukani

Tuseme umetumwa kununua betri kumi kwa ajili ya shule na kituo cha afya. Mwambie muuzaji betri zikae saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Kisha pima moja baada ya nyingine, ukihifadhi kila kipimo kwa mpangilio uleule uliowekea alama za chaki juu ya betri. Huu ni mfano wa namba unazoweza kupata: 12.71, 12.69, 12.72, 12.70, 12.68, 12.71, 12.38, 12.70, 12.69, 12.72.

Uliza mita wastani, itajibu 12.67. Ni namba nzuri. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika hukaa kwenye 12.7 hivi, kwa hiyo anayesoma wastani peke yake atalipa pesa za betri kumi. Uliza kipimo cha chini, itajibu 12.38, na kama mita ni mwerevu itakuambia ni cha saba. Hapo unaiendea betri ya saba bila kurudia kazi. Betri mpya iliyoshuka chini ya 12.4 imekaa sana bila chaji, na kadiri inavyokaa hivyo ndivyo chumvi ya risasi inavyogandia sahani zake na kula uwezo wake. Labda itafufuka ikichajiwa. Labda haitafufuka. Wewe hukutumwa kwenda kubahatisha.

Sasa tuangalie namba ya tatu ambayo watu huikimbia: mkengeuko sanifu, ulioandikwa SDEV au STD DEV kwenye kioo. Inakuambia vipimo vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Mita, au kikokotoo, huchukua tofauti ya kila kipimo na wastani, huizidisha kwa yenyewe, hujumlisha zote, hugawa kwa idadi ya vipimo kasoro moja, kisha hutafuta kipeuo cha pili. Kwa betri zetu kumi jibu ni 0.103. Iondoe ya saba uhesabu tena: wastani unakuwa 12.70 na mkengeuko unashuka hadi 0.014. Betri moja tu ilikuwa imeongeza mtawanyiko zaidi ya mara saba. Wastani wenyewe uliyumba kwa volti 0.03 tu.

Kwa hiyo ukiwa na bidhaa zinazopaswa kufanana, betri za kundi moja, taa za katoni moja, chaja za simu za mfuko mmoja, usianze na wastani. Anza na mkengeuko. Ukiwa mdogo, kundi ni moja. Ukiwa mkubwa, kuna mgeni ndani, na kipimo cha chini na cha juu vitakuonyesha alipokaa.

Mipaka inatoka wapi

Kupima kwa mipaka ni jambo jepesi kueleza. Unaiambia mita mpaka wa chini na mpaka wa juu. Kila kipimo kikiwa ndani inaandika OK au IN au PASS, kikiwa nje inaandika LO au HI, na ukitaka inalia. Mkono unapima na sikio linasoma, macho yako yanabaki kwenye betri na kwenye muuzaji. Mita nyingine hukuruhusu kuchagua ilie kipimo kikiwa nje, ilie kikiwa ndani au inyamaze. Mimi huchagua ilie kikiwa nje.

Ugumu uko kwenye kuchagua mipaka yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo hata watu waliosoma huanguka.

Kishawishi kikubwa ni kuiachia takwimu iweke mipaka: chukua wastani, ongeza na punguza mikengeuko mitatu, basi. Vitabu vya viwandani vinasema hivyo, na kiwandani, ambako kuna maelfu ya vipimo vya mashine inayojulikana kuwa nzima, wana haki. Jaribu kwa betri zetu. Wastani 12.67, mkengeuko 0.103, mara tatu ni 0.31. Mipaka inakuwa 12.36 na 12.98. Betri ya saba, yenye 12.38, imepita. Mita imeandika OK kwa betri uliyokwenda kuitafuta.

Wala hiyo si bahati mbaya ya namba nilizochagua. Ukiwa na vipimo kumi, hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuwa mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko 2.85, hata ungeweka betri iliyokufa kabisa katikati ya tisa nzima. Mgeni anauvuta wastani upande wake na kuupanua mkengeuko kwa wakati mmoja, kwa hiyo anajifungulia mlango. Kikomo chenyewe ni idadi ya vipimo kasoro moja, ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Kwa vipimo kumi ni tisa kugawa kwa 3.16. Unahitaji angalau vipimo 11 ndipo kanuni ya mikengeuko mitatu iweze kumkamata mtu yeyote, na hapo kwa shida. Sasa fikiria ni mara ngapi sisi huku tunanunua vitu kumi na moja au zaidi.

Mipaka itoke kwenye karatasi ya mtengenezaji, au kwenye kazi ambayo kifaa kinakwenda kufanya, na iandikwe daftarini kabla ya kuwasha mita. Kwa betri ya asidi iliyopumzika ninaweka 12.60 chini na 12.90 juu. Mpaka wa juu watu huuona kama wa bure, kumbe una kazi yake. Betri iliyotoka kwenye chaja dakika kumi zilizopita itasoma 13 na zaidi kwa chaji inayoelea juu juu, hata kama tumboni ni dhaifu. Ikilia HI, muuzaji alikuwa na haraka. Iwashie taa dakika chache, iache ipumzike, pima tena.

Halafu kuna usahihi wa mita yako. Mita ya mkononi ya bei nafuu mara nyingi huandikwa asilimia 0.5 na tarakimu mbili za mwisho. Kwenye volti 12.60 hiyo ni 0.063 na juu yake 0.02, yaani karibu volti 0.08 kila upande. Betri inayosoma 12.64 huenda ni 12.56. Mita ya mezani kama 34401A, ikiwa imerekebishwa ndani ya mwaka, hukosea milivolti moja hivi pahali hapo hapo. Kwa hiyo mwenye mita ya nafuu asiweke mpaka kwenye 12.60 kamili. Ausogeze ndani hadi 12.68 akitaka kuwa na hakika na kila inayopita, akijua kwamba ataziacha nzima kadhaa. Kwa upande mwingine, mita hiyo hiyo ya nafuu ikipima betri kumi saa hiyo hiyo itakosea zote kwa namna moja, kwa hiyo mkengeuko wake bado ni wa kuaminika. Mita inaweza kuwa mwongo kwa urefu wa mtu na bado ikasema kweli juu ya nani mrefu kuliko nani.

Jambo moja la mwisho hapo dukani. Volti ya betri iliyopumzika haikuambii ina uwezo gani. Zile zilizopita mipaka ziunganishe moja moja na taa ya gari ya wati 55, hifadhi kipimo kila nusu dakika kwa dakika kumi, kisha linganisha kipimo cha chini cha kila betri. Hapa sina mpaka wa kukupa kutoka kwenye karatasi, kwa sababu unategemea ukubwa wa betri na aina yake. Tazama ile inayoshuka kuliko wenzake, uiache dukani.

Usiku mmoja kwenye kituo cha afya

Sasa betri ziko juu. Muuguzi anasema taa huzima usiku, fundi aliyetangulia alisema betri zimezeeka, na kamati inataka kujua kama inunue nyingine. Usijibu. Funga vibanio kwenye vichwa vya inveta, upande wa betri, weka mita ihifadhi kipimo kila dakika 10, anza saa kumi na mbili jioni, urudi alfajiri. Hadi saa kumi na mbili asubuhi utakuwa na vipimo 73: vipindi 72, na kimoja cha kuanzia.

Chukua mfano huu uliorahisishwa. Vipimo 70 ni 12.35, na vitatu ni 11.40. Wastani wa usiku ni 12.31. Ukimpelekea mtu wa kamati namba hiyo atasema betri ni nzima, na kwa namba hiyo yuko sawa. Mkengeuko ni 0.19, na huo tayari unapiga kelele. Kipimo cha chini ni 11.40, kilichoanzia kipimo cha 41.

Kipimo cha 41 kilikuwa saa ngapi? Watu huzidisha 41 kwa 10 wakapata dakika 410. Kipimo cha kwanza kilichukuliwa dakika ya sifuri, kwa hiyo cha 41 ni dakika ya 400: saa sita na dakika arobaini baada ya kuanza. Tulianza saa kumi na mbili jioni, basi ni saa sita na dakika arobaini usiku. Na hapa naomba uandike daftarini unatumia saa gani. Huku kwetu mtu mmoja husema saa sita akimaanisha ya Kiswahili, mwenzake aliyekaa darasani kwa Kifaransa akasikia sita ya asubuhi. Kama mita ina saa yake ndani na ilinunuliwa ng'ambo, Kigoma au Dar es Salaam, iko mbele yetu kwa saa moja.

Ukiwa na saa iliyo sahihi, nenda kwenye kitabu cha zamu. Tuseme usiku huo mtoto alizaliwa kwa shida na mashine ya oksijeni iliwashwa kwa nusu saa. Mashine ya wati 300 kupitia inveta inavuta kwenye betri ya volti 12 karibu ampea 29, ukihesabu kwamba inveta yenyewe inakula asilimia 15. Sasa unajua lini, na unajua nini kiliwashwa. Bado hujui kwa nini. Takwimu huishia hapo; yaliyobaki ni kazi ya fundi.

Rudia jambo hilo mchana, kwa dakika kumi, mashine ikiwaka, ukipima mara mbili: kwanza kwenye vichwa vya betri, pili kwenye vichwa vya inveta. Kama betri inashuka hadi 11.4 kwenye vichwa vyake, betri imechoka. Kama betri inasoma 11.9 na inveta inasoma 11.4, nusu volti imepotelea kwenye waya. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, mita tatu kwenda na tatu kurudi, una ukinzani wa omu 0.0175, ampea 29 zikipita humo zinaacha volti 0.5. Ubadilishe kwa waya wa milimita 25, upotevu unashuka hadi 0.12. Kamati ilikuwa inataka kununua betri, na waya ni rahisi kubeba kuliko betri.

Kuna kitu ambacho vipimo vya kila dakika 10 havitakionyesha kamwe. Mota ya pampu au ya friji inapoanza huvuta umeme mwingi kwa muda usiofika sekunde moja, na inveta inaweza kujizima katika muda huo. Mita yako ilikuwa imelala kati ya kipimo na kipimo. Kama taa huzima ghafla na vipimo vyote viko ndani ya mipaka, tumia kitufe cha MIN MAX cha mita ya mkononi, kinachotazama bila kupumzika, na kwenye Fluke 87V kwa mfano hunasa mabadiliko ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Kosa la mwisho la usiku ni mipaka iliyobebwa kutoka ziwani. Betri ya asidi ikipata baridi inataka volti nyingi zaidi ili ijae, milivolti 18 hadi 30 kwa kila nyuzi moja kwa betri ya volti 12. Kidhibiti chaji kinachotoa 14.4 kwenye nyuzi 25 za Uvira kinatakiwa kutoa 14.6 au 14.7 kwenye nyuzi 15 za mlimani. Ukiweka mpaka wa juu kwenye 14.5 mita italia asubuhi nzima juu ya kidhibiti kinachofanya kazi yake vizuri. Nimeona mtu akikiondoa.

Friji ya chanjo

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Hiyo ni mipaka iliyokwisha kuwekwa, na hakuna anayehitaji takwimu kuitafuta. Kama mita haina kipimo cha joto lakini una kihisi cha aina ya PT100, pima omu: kwenye nyuzi 2 kinasoma 100.78 na kwenye nyuzi 8 kinasoma 103.12. Weka namba hizo mbili kama mpaka wa chini na wa juu, nawe una mlinzi. Tumia waya nne kama mita inaruhusu. Waya mbili nyembamba zenye omu 0.4 zitakudanganya kwa nyuzi nzima moja, na zitakudanganya upande wa joto, wakati friji inaelekea kugandisha.

Nasema kugandisha kwa makusudi. Nyanda za juu zina baridi, watu hufikiri joto ndilo adui peke yake, na wastani wa nyuzi 4.5 kwa wiki nzima unawapa usingizi. Chanjo kama ya homa ya ini B na ile ya penta huharibika zikiganda, na hazirudi zikiyeyuka. Soma kipimo cha chini kwanza, kila siku.

Ila hapa hata kipimo cha chini na cha juu havitoshi. Mlango ukifunguliwa dakika tano, kihisi kitaruka hadi 9 na mita italia HI, bila chanjo yenyewe kupata joto hilo. Vifaa rasmi vya kurekodi joto, vile vya siku 30 vinavyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, hulia joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Muda ndio unaohesabiwa. Kwa hiyo ukiwa na vipimo vya kila dakika 10, usiulize mita imelia mara ngapi, uliza imelia mara ngapi mfululizo. Vipimo saba vilivyofuatana chini ya omu 99.80 ni dakika 60 za kuganda. Vipimo saba vilivyotawanyika katika wiki ni kitu kingine kabisa, na idadi ya makosa kwenye kioo haitofautishi hivyo viwili. Lazima uvirejeshe kimoja kimoja. Na multimita yako isichukue nafasi ya kifaa rasmi. Iwe shahidi wa pili.

Umeme wa mji

Ukishuka Uvira swali linabadilika. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, na volti zake hupanda na kushuka, na kuzimika. Kwa volti 220, asilimia 10 kila upande ni 198 na 242. Weka mipaka hiyo, tumia mita na waya zilizoandikwa CAT III, na usiguse ncha umeme ukiwa ndani. Anayepima kwenye inveta ya bei nafuu ahakikishe mita yake imeandikwa TRUE RMS. Isiyo hivyo huhesabu kana kwamba wimbi ni laini, na wimbi la mraba hulisoma juu kwa asilimia 11.

Wastani wa siku nzima hapa hauna maana kabisa. Umeme ukiwa 225 kwa saa 20 na sifuri kwa saa 4, wastani ni 187.5, volti ambayo haikuwepo hata dakika moja. Tenganisha: hesabu saa za sifuri peke yake, kisha pigia takwimu saa ambazo umeme ulikuwepo. Saa za sifuri Uvira si jambo la taa tu, kwa sababu pampu za REGIDESO, shirika la maji, nazo zinategemea umeme huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya mji huu ulikuta kwamba siku moja bila maji ya bomba iliongeza wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Watafiti hawakuupata ukweli huo kwa kutazama wastani wa maji ya mwezi. Walitazama siku moja moja.

Nimebakiza jambo dogo ambalo limenigharimu usiku mzima. Kwenye 34401A, na kwenye nyingi za zamani, vipimo vilivyohifadhiwa hufutika mita ikizimwa. Nilikaa na mita kwenye kituo kimoja cha afya tangu jioni, alfajiri nikachomoa inveta ili kuokoa betri, nikafungua daftari tayari kuandika. Kioo kilikuwa cheusi. Rejesha kwanza kipimo cha chini na namba yake, cha juu na namba yake, wastani, mkengeuko na idadi, uviandike kwa kalamu pamoja na mipaka uliyotumia. Ukimaliza kuandika, zima.